Chumba cha Mama Chenye Magurudumu

Kila nikienda bombani kuchota maji naulizwa: Mama Rispa, ile Kombi iliyosimama nyuma ya nyumba yenu siku zote zile, na mwanamke mzee ndani yake, ilikuwa ya nini? Wengine mmesema mume wangu ameoa mke wa pili akakosa pa kumweka. Wengine mmesema nimemlaza mama yangu kwenye gari kama gunia la mkaa. Haya, tueni ndoo chini. Nitaeleza mara moja na sirudii, maana nina sare za shule za kushona na wenyewe hawana subira.

Ya leseni, ya barua za hospitali na ya kupigiwa mihuri huku na huku nayaruka. Yalinichosha nikiyafanya, sitaki yanichoshe tena nikiyasimulia.

Shauri Moyo, kabla ya kuwasha gari

Mama alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Mwanzoni alikuwa akituona kama tumesimama nyuma ya pazia. Baadaye hata ng'ombe na kichaka havikuwa na tofauti kwake. Hospitali moja ya hapa Nairobi ikakubali kumpasua, ikampa Jumatatu asubuhi, na nikaambiwa waziwazi kwamba akikosa Jumatatu hiyo atarudi mwisho wa foleni, na foleni ilikuwa ya mwaka mzima. Jicho nalo halikuwa la kungoja mwaka.

Mtasema, si ungempandisha basi aje. Angekuja, angelala wapi? Mnakijua chumba chetu cha kaunsili: kitanda chetu nyuma ya pazia, watoto wanne sakafuni, cherehani mlangoni. Na kwetu Bunyore mama halali chini ya paa moja na mume wa binti yake. Hata usoni hawatazamani. Wakikutana njiani mmoja hupinda, na salamu hupitia nyuma ya ukuta. Si ugomvi, ni heshima yenyewe hiyo. Nilipomwambia alale kwa jirani, Mama alisema hawezi kwenda mjini kujificha kwa watu kama mwizi. Kwa hiyo miaka miwili yote macho yalizidi kufunga, kisa ni paa.

Aliyelitatua ni Baba Rispa mwenyewe. Anachomelea vyuma kwenye gereji moja karibu na Gikomba, na pale gereji palikuwa na Kombi iliyoachwa na Wajerumani wawili waliotoka nayo mbali mpaka ikawafia mikononi. Mwenye gereji alichoka kuitazama, akamwachia. Ndani ina kitanda cha mbao, kabati, karai la kunawia na mapazia. Mume wangu alikesha nayo wiki nyingi, kisha akaniita akaniambia kwa sauti ya chini, kama mtu anayetoa siri ya serikali: "Mama akilala humu, halali kwangu. Paa ni lake mwenyewe."

Nilimpenda sana siku hiyo, na nilimwambia.

Lakini kwenda kumleta asingeweza. Kutwa nzima na mama mkwe kwenye gari moja? Hata kulifikiria kulimtoa jasho. Alikuwa amenifundisha kuendesha Jumapili baada ya kanisa, kwa hiyo safari ikaniangukia mimi, peke yangu, katikati ya masika. Asubuhi ya kuondoka akavuta godoro letu kitandani akalitandika kwenye Kombi, akisema Mama alale pazuri, sisi tutajibanza kwenye mkeka. Nikalipigapiga kwa mkono, nikaona tumefanya jambo la maana.

Hadi Mau, na kiazi kwenye kioo

Niliondoka Alhamisi. Nilipiga hesabu kwamba nitafika jioni hiyohiyo, Ijumaa nipumzike, Jumamosi nirudi na Mama. Hesabu za mtu aliyekaa jikoni kwake.

Kuanzia Uplands ukungu ulikuwa mzito hata sikuona ncha ya gari. Nilishuka ule mteremko kwa gia ya pili, nyuma yangu kuna honi, mbele yangu hakuna kitu, na mimi nimeufungulia mdomo wimbo wa kanisani kwa sauti ambayo kwaya isingenivumilia. Mvua yenyewe ilinipata Naivasha. Nilipoipita Nakuru na kuanza kupanda, waipa zikafa. Zote mbili kwa pamoja, kama zilizopatana. Nikaegesha kando, nikaketi, nikalia kidogo. Sioni aibu kusema.

Lori la viazi likasimama. Akashuka dereva, mtu mnene aliyejifunika gunia kichwani, akaniuliza dereva yuko wapi. Nikamwambia ni mimi. Akaizunguka Kombi, akachungulia chini ya kitanda, akarudi akaniuliza tena dereva yuko wapi. Nilimwuliza kama anataka nimwonyeshe mikono yangu ilivyochubuka na usukani. Hapo akaamini.

Hakugusa waipa. Alisema hizo ni mambo ya kesho. Alichukua kiazi kwenye lori, akakikata kwa panga, akakisugua kwenye kioo cha mbele upande wangu wote, na maji yakaanza kuteleza bila kushika. Akaniwekea viazi ndani ya karai la Wajerumani, akaniagiza nisimame kila baada ya maili chache nisugue upya, halafu nifuate taa zake za nyuma. Tulipokuwa tukinywa chai kibandani aliniuliza mume wangu anafanya nini nyumbani. Nikamweleza habari ya mama mkwe. Akacheka mpaka chai ikamwagika, akasema mama mkwe wake yeye ndiye anayempigia kelele akichelewa kula.

Nilifuata taa zile mbili nyekundu hadi njia panda ya Mau. Yeye akashika njia ya Eldoret, akapiga honi mara mbili, na mimi nikabaki na kiazi changu.

Kericho

Kericho nilipokelewa na mvua ya mawe. Mnajua inavyopiga mabati. Sasa fikirieni bati lenyewe liko shubiri mbili juu ya kichwa chako. Nikaingia kwenye uwanja wa kanisa nikaomba pa kusimama. Mke wa mchungaji, Mkipsigis mpole, alinikaribisha kwa chai na sahani ya viazi vya kuchemsha. Sikumwambia kitu. Nilikula viazi nikamshukuru, nikaenda kulala kwenye Kombi mapema, na ndipo nilipoanza kuogopa hasa, kwa sababu Alhamisi ilikuwa imekwisha na nilikuwa bado mbali na Mama.

Ahero, nilipogeuzwa daktari

Ijumaa nikateremka uwanda wa Kano kukiwa na jua, nikasema sasa tumefika. Karibu na Ahero barabara ikaisha. Haikubomoka, iliingia tu ndani ya maji upande huu na kutokea upande ule, mbali, na katikati mtu anapita akiwa amebeba baiskeli kichwani. Mto ulikuwa umefurika. Wenyeji wakaniambia nisubiri. Nikauliza mpaka lini. Wakatazama maji, wakanitazama, wakaniletea kigoda.

Baada ya muda mfupi akaja mama mmoja na mtoto mgongoni, akasimama nyuma ya Kombi. Kisha mzee aliyeshika shavu. Kisha watu watano, kumi. Nilidhani wanangoja maji kama mimi, mpaka yule mzee alipokuja mbele yangu, akafungua mdomo wote na kunionyesha jino.

Waliona mapazia meupe, kitanda na karai la kunawia wakaamua ni zahanati ya kutembea. Nikaapa kwamba mimi ni fundi wa nguo kutoka Nairobi. Mama mwenye mtoto akauliza, kwa haki kabisa, ni fundi gani wa nguo anayetembea na kitanda. Kuthibitisha maneno yangu nikatoa sindano na uzi, na nikaona nyuso zimebadilika kwa hofu, wakidhani sasa nawadunga. Yule mzee wa jino ndiye aliyeokoa jambo. Alivua koti lake lililopasuka bega, akaniwekea magotini, akaketi kungoja aone.

Nilishona koti. Likaja koti lingine, gauni, suruali ya mwalimu, begi la shule. Ijumaa yote nilishona pale kwenye ukingo wa maji, na sikutaka shilingi, kwa kuwa nilikuwa nashona ili nisiyatazame yale maji. Nililetewa ugali na mumi wa kukaushwa aliyepikwa kwa nyanya, chakula ambacho mpaka leo nikikumbuka nameza mate. Jamani, Wajaluo wanajua samaki. Usiku nililala palepale, nikihesabu siku kwa vidole.

Jumamosi asubuhi maji yalikuwa yamepungua hadi magotini. Yule mzee, ndani ya koti lake, akapiga mwano, wakaja wanaume kama ishirini, wakaisukuma Kombi injini ikiwa imezimwa mpaka ng'ambo. Jino bado lilikuwa linamsumbua. Nilimwachia dawa za maumivu ya kichwa nilizokuwa nimejibebea, kwa hiyo naona hatimaye nilikuwa daktari kidogo.

Bunyore

Nilifika nyumbani saa nane mchana, mvua ikinyesha. Mama alikuwa ameketi mlangoni amevaa viatu na kofia ya kanisani, mkoba magotini. Alikuwa amekaa hivyo tangu Ijumaa. Nilimshika mkono tukaizunguka Kombi, nikamgusisha magurudumu, mlango, mapazia. Majirani walikuwa wamejaa uani. Uso wake ulifunguka nisivyouona siku nyingi. Akasema, "Kumbe ni nyumba kweli."

Akaingia. Akapapasa kitanda, akataka kuketi, kisha mkono wake ukasimama. Akalikandakanda godoro pale katikati palipobonyea, kisha akauliza, "Hili ni godoro la nani, Rodha?"

Ningeweza kusema nimelinunua. Haoni. Majirani wanasubiri, Jumatatu inasubiri, na mimi nimetoka kusukumwa majini. Neno la uongo lilifika hadi kwenye meno. Lakini yule alikuwa mama yangu, na alikuwa ameniuliza kwa kuniamini. Nikasema, "Ni letu, Mama. La kitandani kwetu."

Hakupaza sauti. Alitoka kinyumenyume, miguu ikitafuta ardhi, akaenda ukutani akasimama. Godoro ambalo mkwe wake hulala na binti yake, na yeye mama alikuwa karibu alikalie mbele ya kijiji kizima. Mimi niliyezaliwa pale, na mume wangu aliyenyima macho yake usingizi akimtengenezea mama mkwe paa la heshima, tukamtandikia aibu humohumo ndani. Maisha ya chumba kimoja yalikuwa yametufanya tuone godoro ni godoro tu. Nilitaka ardhi inimeze.

Nikalivuta godoro nje haraka, nikalitupa kwenye matope, nikamwambia limeshatoka. Hapo akanijibu.

"Limetoka hili. Na mangapi mengine umesahau? Huko kwenu utaniweka wapi, Rodha, nami sioni ninapowekwa?"

Akaingia ndani akafunga mlango. Nikagonga. Nikamwambia Jumatatu, nikamwambia macho. Akasema kutoka ndani kwamba macho yake yameona ya kutosha.

Aliyekuja ni Senje, shangazi yetu, dada wa marehemu baba, mwenye umri mkubwa kuliko wote pale. Hakuniuliza habari za safari. Aliniuliza kama mkwe wao amewahi kulala ndani ya gari lile. Nikasema hata siku moja, alilichomelea tu. Akasema basi gari halina kosa, kosa ni la godoro na la wajinga wawili. Akanituma nizifute mbao kwa maji moto na sabuni, yeye akaenda uani akaita wanawake majina yao, mmoja mmoja.

Mvua ilikuwa imelowesha kila kitu, majani makavu yangetoka wapi? Kumbe kila mama ana majani makavu ya mgomba darini juu ya meko, ya kufungia vitu na kuwashia moto. Wakaenda, wakarudi wameyafunika kwa leso, kila mtu na tita lake lenye harufu ya moshi. Senje akatoa magunia mapya mawili, nikayashona pamoja, na tukaanza kujaza pale barazani kwa Mama, tukizungumza kwa sauti. Hatukumwita. Nilijaza huku machozi yakinitoka, na saa zilikuwa zinakwenda.

Mlango ukafunguka. Mama alikuja akipapasa ukuta, akainama, akatia mkono ndani ya gunia.

"Mnamtandikia ng'ombe?" akauliza. "Majani hayajachanwa. Mtu atalala juu ya miti hii?"

Akaketi chini. Akayatoa yote, akaanza kuyachana vipande vyembamba kwa kucha, haraka kuliko sisi tuliokuwa tunaona, akiyapanga kwa tabaka, akitukaripia. Alijaza lile gunia lote mwenyewe. Alipomaliza akalipiga kofi mara mbili na kuniambia nimtilie mkoba wake ndani ya gari.

Lile godoro letu Senje aliamuru lisirudi Nairobi. Tulimpa mwalimu kijana wa shule ya jirani, mtu wa pwani, ambaye hakuelewa kwa nini analipewa wala kwa nini kila mtu anamcheka.

Kurudi

Jumapili tuliondoka kabla jua halijatoka. Ahero palipitika. Mama alilala chali juu ya majani yake akiuliza tumefika wapi, na kabla sijajibu anajibu mwenyewe: hapa ni Kericho, nasikia baridi ya majani chai, hapa tunapanda, hapa umekanyaga breki vibaya. Mvua ilitushika tena Mau. Nikasimama nikasugua kiazi, na Mama akaniuliza kama hivyo ndivyo wanavyofanya watu wa mjini. Nikamwambia ndiyo. Hakuwa na budi kuniamini.

Tuliingia Shauri Moyo jioni. Baba Rispa alikuwa nyuma ya ukuta wa choo tangu saa kumi, amevaa tai. Akamwamkia kutokea huko. Mama naye akaitikia kutoka nyuma ya pazia, na hivyo mkwe na mama mkwe wakakaribishana.

Nyuma ya nyumba yetu

Jumatatu alipasuliwa jicho la kulia. Walipoifungua bandeji nilikuwa nimemshika mkono. Akasema anaona mwanga na vivuli. Daktari akasema jicho lipewe muda wake. Baadaye wakampa miwani mizito, akaivaa, nikamwuliza. Vivuli.

Alirudi kwenye Kombi. Kila asubuhi nilimwuliza, na kila asubuhi alijibu hivyo, akinihurumia mimi. Wiki moja, ya pili ikaingia. Nilianza kuyasikia maneno yenu ya bombani, nikaona heri mseme, maana nimemtoa mtu kwake, nikamtia aibu mbele ya watu, nikambeba kwenye matope, kwa ajili ya vivuli. Niliacha kuuliza. Niliogopa jibu.

Na mume wangu alikuwa amelegea. Zile siku za kwanza alikuwa akizunguka kote kule ili asipite mbele ya mlango wa Kombi, akikohoa tangu kona. Lakini mtu asiyekuona, ya nini kumwepuka? Polepole akaanza kukatiza mbele moja kwa moja, bila kikohozi, kimyakimya, na hakuna aliyepungukiwa heshima.

Siku hiyo ilikuwa alasiri, kumeanuka. Mimi niko kwenye cherehani mlangoni, Mama ameketi kwenye ngazi ya Kombi na miwani yake anachambua maharagwe. Baba Rispa akatokea kutoka kazini na mkebe wa mafuta ya taa, akikatiza mbele kama kawaida yake, miguu haisikiki kwa matope.

Mama aliinua kichwa. Akamtazama. Kisha sinia la maharagwe likaanguka, leso ikapanda usoni, na akageuka mzimamzima akaelekea ndani ya Kombi, mgongo kwetu.

Baba Rispa alibaki na mguu mmoja mbele.

"Rodha," Mama akasema kutoka ndani ya leso, "mwambie mkwe wangu apite nyuma, ana haya gani huyu? Na wewe umpikie. Mbona amekonda hivi?"

Mume wangu akaweka mkebe chini polepole. Akazunguka nyuma ya Kombi, akaegemeza paji la uso kwenye bati alilolichomelea mwenyewe, na mabega yakawa yanatetemeka. Alipopata sauti akakohoa vizuri, kama inavyotakiwa, akamwamkia mama mkwe wake.